Uchaguzi na uoanishaji wa fonti

Uchaguzi wa fonti ni kazi ya kuamua maandishi fulani yachapwe au yaonyeshwe kwa herufi za umbo gani. Uoanishaji wa fonti ni kutumia fonti mbili au zaidi katika kazi moja, kama vile kitabu, gazeti, bango au tovuti, kwa namna ambayo kila fonti ina jukumu lake na zote zinapatana. Kazi hizi mbili ni sehemu ya taipografia, yaani ufundi wa kupanga maandishi ili yasomeke vizuri na yapendeze.

Kanuni za kazi hii si sheria. Zimetokana na uzoefu wa wapiga chapa tangu karne ya 15, na baadaye wasanifu wa mabango, alama za barabarani na skrini za kompyuta. Nyingi kati yake zinarudi kwenye mambo mawili: fonti huchaguliwa kwa kumwangalia kwanza msomaji na mahali atakaposomea, na fonti ya pili huongezwa pale tu ambapo kuna kazi ambayo ya kwanza haiwezi kuifanya vizuri.

## Istilahi

Siku hizi neno fonti hutumika kwa maana ya muundo mzima wa herufi, kama vile Garamond au Arial. Zamani wapiga chapa walilitumia kwa seti moja ya herufi za risasi za ukubwa mmoja. Makala hii inafuata matumizi ya leo. Istilahi nyingine muhimu ni hizi:

* Familia ya fonti ni kundi la fonti zenye muundo mmoja lakini zenye uzito au mwinamo tofauti.
* Serifi ni vijistari vidogo kwenye ncha za herufi. Times New Roman ina serifi, Arial haina.
* Uzito ni unene wa mistari ya herufi, kuanzia nyembamba hadi nzito.
* Italiki ni herufi zinazoinama kulia, ambazo asili yake ni mwandiko wa kalamu.
* Kimo cha x ni urefu wa herufi ndogo zisizopanda juu wala kushuka chini, kama vile a, m, o na x.
* Pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi. Katika kompyuta, pointi 72 ni sawa na inchi 1.

Fonti mbili za pointi sawa zinaweza kuonekana zina ukubwa tofauti. Verdana ina kimo kikubwa cha x, Garamond ina kimo kidogo. Kwa hiyo Verdana ya pointi 10 huonekana kubwa kuliko Garamond ya pointi 10.

## Historia

Biblia iliyochapwa na Johannes Gutenberg mjini Mainz, Ujerumani, mnamo mwaka 1455, ilitumia herufi za Kigothi, zilizoiga mwandiko wa vitabu vya mkono vya wakati huo. Nchini Italia wasomi walipendelea mwandiko wa mviringo zaidi. Mwaka 1470 Nicolas Jenson alichapa mjini Venezia vitabu kwa herufi ambazo bado ni mfano wa fonti nyingi zenye serifi.

Mjini Venezia pia, mnamo mwaka 1501, mchapishaji Aldus Manutius alianza kutoa vitabu vidogo kwa herufi za italiki zilizochongwa na Francesco Griffo. Mwanzoni italiki haikuwa msaidizi wa herufi zilizosimama. Kitabu kizima kiliweza kuchapwa kwa italiki. Katika karne ya 16 wapiga chapa walianza kuziweka pamoja katika ukurasa mmoja, na polepole italiki ikapewa kazi maalumu kama vile kuonyesha mkazo au jina la kitabu. Huo ni kati ya mifano ya kwanza ya kuoanisha herufi za maumbo mawili.

Karne ya 19 ilileta matangazo ya biashara. Herufi zilihitajika kuonekana kutoka mbali, hivyo zikatengenezwa nene na kubwa. Mnamo mwaka 1816 William Caslon IV wa London alionyesha herufi za kwanza za chapa za Kilatini zisizo na serifi. Mabango ya wakati huo mara nyingi yalichanganya fonti nyingi, pengine tofauti katika kila mstari.

Karne ya 20 wasanifu wengi waliupinga mtindo huo. Mwaka 1928 Jan Tschichold alichapisha nchini Ujerumani kitabu *Die neue Typographie*, akitetea mpangilio mwepesi na fonti zisizo na serifi. Baadaye alilegeza msimamo wake, na alipofanya kazi katika kampuni ya Penguin nchini Uingereza kuanzia 1947 hadi 1949 alitumia sana fonti za kale zenye serifi.

Hadi miaka ya 1980 uamuzi huu ulikuwa mikononi mwa wapiga chapa na wasanifu. Kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984 ilikuwa na fonti kadhaa ambazo mtumiaji aliweza kuchagua mwenyewe. Tangu hapo kila anayeandika barua, tangazo la msiba au kazi ya shule amekuwa mchaguzi wa fonti.

## Makundi makuu ya fonti

* Serifi za kale, kama Garamond na Caslon. Tofauti kati ya mistari minene na myembamba ni ndogo. Hutumika sana katika vitabu.
* Serifi za mpito, kama Baskerville na Times New Roman. Tofauti hiyo ni kubwa zaidi na maumbo yamenyooka zaidi.
* Serifi za kisasa, kama Bodoni na Didot, zilizoanza mwishoni mwa karne ya 18. Mistari mingine ni minene sana na mingine myembamba kama uzi. Hupendeza katika vichwa vikubwa, lakini zikiwa ndogo ile myembamba huweza kupotea kwenye karatasi duni.
* Serifi nene, kama Rockwell. Serifi zake zina unene unaokaribia ule wa herufi yenyewe.
* Zisizo na serifi. Kuna zile za karne ya 19 na wafuasi wake, kama Akzidenz-Grotesk na Helvetica. Za kijiometri, kama Futura (1927). Na zenye asili ya mwandiko wa kalamu, kama Gill Sans (1928).
* Za mwandiko wa mkono, zinazotumika sana katika kadi za mialiko.
* Za upana sawa, kama Courier, ambamo herufi i inachukua nafasi sawa na m. Hutumika hasa katika programu za kompyuta.
* Za mapambo, zilizokusudiwa maneno machache tu.

## Kanuni za kuchagua

### Kuanza na matumizi

Fonti nyingi mashuhuri zilibuniwa kutatua tatizo fulani. Times New Roman ilitengenezwa chini ya usimamizi wa Stanley Morison kwa ajili ya gazeti la *The Times* la London, lililoanza kuitumia tarehe 3 Oktoba 1932. Ilibanwa ili maneno mengi yaingie katika safu nyembamba bila kuchosha macho. Gazeti lenyewe liliiacha mwaka 1972, lakini kompyuta ziliieneza ulimwenguni kote, hata kwenye kurasa pana ambazo haikukusudiwa. Georgia na Verdana, kazi za Matthew Carter zilizotolewa na Microsoft mwaka 1996, zilibuniwa kwa ajili ya skrini za wakati huo, ambazo hazikuweza kuonyesha maumbo madogo kwa usahihi.

Husemwa mara nyingi kwamba serifi husomeka vizuri zaidi kuliko fonti zisizo nazo. Hata hivyo utafiti haujaonyesha tofauti kubwa inayojirudia kati ya makundi haya mawili. Mazoea ya msomaji, ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari huwa na uzito zaidi.

### Herufi zinazofanana

Katika fonti kama Arial, I kubwa na l ndogo karibu hazitofautiani. Jina Ilala au neno Ilani likiandikwa kwa fonti hiyo huonekana kana kwamba limeanza na l mbili. Katika hadithi msomaji ataelewa kutokana na muktadha. Katika namba ya siri, namba ya risiti au kipimo cha dawa muktadha haupo, na kukosea kati ya 1, I na l, au kati ya 0 na O, kunaweza kuleta hasara au madhara. Kwa kazi kama hizo inafaa kuchagua fonti inayotenganisha herufi hizi waziwazi.

Tatizo hilo huwakabili pia wanaojifunza kusoma. Shirika la SIL International limetengeneza fonti iitwayo Andika kwa ajili ya wasomaji wanaoanza. Jina lake limetokana na kitenzi cha Kiswahili. Maumbo yake ni mepesi na yamechorwa ili herufi zinazokaribiana zisichanganywe.

### Herufi kubwa na ndogo

Maandishi yaliyo yote kwa herufi kubwa hupoteza umbo la neno. Katika neno Bagamoyo, B inapanda juu, huku g na y zikishusha mikia. Likiandikwa BAGAMOYO, linabaki kama mstatili.

Jambo hili lilizingatiwa nchini Uingereza wakati barabara kuu za magari ya mwendo kasi zilipoanza kujengwa. Wasanifu Jock Kinneir na Margaret Calvert walitengeneza herufi zisizo na serifi ambazo baadaye ziliitwa Transport, na majina ya miji yakaandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni tu. Alama hizo zilitumika mwaka 1958 katika barabara ya Preston, kisha mfumo wao ukaenezwa kwenye barabara nyingine za nchi hiyo kuanzia mwaka 1965. Dereva ana sekunde chache tu za kusoma, na akikosea hawezi kurudi nyuma kama msomaji wa kitabu.

### Lugha ya maandishi

Fonti inapaswa kuwa na herufi na alama zote za lugha inayoandikwa. Kiswahili kwa herufi za Kilatini kinahitaji alama moja ya ziada, yaani ritifaa katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Fonti nyingine za mapambo huiwekea ritifaa nafasi kubwa kiasi kwamba neno moja huonekana mawili. Lugha jirani zina mahitaji zaidi: Kikuyu hutumia ĩ na ũ, Kiganda hutumia ŋ, na Kilingala cha kitaalamu hutumia ɛ na ɔ. Fonti ikikosa herufi fulani, kompyuta huiazima kutoka fonti nyingine au huonyesha kisanduku kitupu. Familia ya Noto ya kampuni ya Google ilianzishwa ili kuondoa visanduku hivyo kwa kutoa herufi za mifumo mingi ya maandishi duniani.

Urefu wa maneno pia ni muhimu. Neno moja kama *hawatatusahaulisha* hubeba ujumbe wa sentensi nzima ya lugha nyingine. Katika safu nyembamba iliyonyooshwa kingo zote mbili, maneno marefu huacha mapengo makubwa kati yao. Tiba yake ni kuacha ukingo wa kulia bila kunyooshwa, kupanua safu, kuruhusu neno likatwe kwa kistari, au kuchagua fonti iliyobanwa kiasi.

### Ukubwa na nafasi

Fonti nzuri huweza kuharibiwa na mpangilio mbaya. Robert Bringhurst, mshairi na msanifu wa Kanada, anapendekeza katika kitabu chake *The Elements of Typographic Style* (1992) mstari wenye herufi 45 hadi 75, nafasi zikihesabiwa pia. Fonti yenye kimo kikubwa cha x huhitaji nafasi zaidi kati ya mistari kuliko yenye kimo kidogo.

### Maana inayobebwa na umbo

Msomaji huhisi jambo fulani kabla hajasoma neno la kwanza. Herufi za Kigothi ziliendelea kutumika Ujerumani hadi karne ya 20 na kuhesabiwa kuwa alama ya taifa, lakini mwaka 1941 serikali ya Wanazi yenyewe iliamuru ziachwe.

Comic Sans ilibuniwa na Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994 kwa ajili ya maneno ya vikatuni. Tarehe 4 Julai 2012, wanasayansi wa CERN walipotangaza kugundua chembe inayolingana na Higgs boson, baadhi ya slaidi ziliandikwa kwa fonti hiyo, na watu wengi mtandaoni wakazungumzia fonti badala ya fizikia. Ugunduzi haukupungua thamani, lakini fonti ilivuta macho kuliko ujumbe.

### Leseni

Fonti ni kazi yenye haki za mtunzi. Fonti iliyomo katika kompyuta si lazima iruhusiwe kuwekwa kwenye tovuti au bidhaa. Zile zenye leseni huria ya SIL Open Font License, kama Andika, Noto na IBM Plex, zinaweza kutumika na kusambazwa bila malipo kwa masharti ya leseni hiyo.

## Kanuni za kuoanisha

1. Kuanza na maandishi marefu. Fonti ya aya huchaguliwa kwanza, kwa kuwa ndiyo itakayosomwa kwa muda mrefu. Fonti ya vichwa hutafutwa ili ipatane nayo.
2. Kujaribu familia moja kwanza. Ukubwa, uzito na italiki mara nyingi hutosha kutenganisha kichwa, aya na maelezo ya picha. Univers ya Adrian Frutiger, iliyotolewa mwaka 1957, ilipangwa tangu mwanzo kuwa na maumbo 21 yanayopatana.
3. Kila fonti kuwa na kazi. Ikiwa haiwezekani kueleza kwa sentensi moja fonti inafanya nini katika ukurasa, inafaa iondolewe.
4. Tofauti iwe wazi. Fonti yenye serifi pamoja na isiyo na serifi hutofautiana mara moja. Garamond na Caslon, au Helvetica na Arial, hukaribiana mno. Msomaji huona kama kosa la mchapaji.
5. Kuwe na undugu. Fonti zinazotofautiana hupatana zikiwa na jambo la pamoja, kama vile kimo cha x, upana wa herufi au mkono wa mbunifu mmoja. Gill Sans na Perpetua zote ni za Eric Gill. Georgia na Verdana zote ni za Matthew Carter.
6. Zisizidi mbili au tatu. Kila fonti mpya humfanya msomaji ajiulize maana ya badiliko hilo.
7. Kushika utaratibu. Kichwa kidogo cha ukurasa wa 3 kinapaswa kufanana na kile cha ukurasa wa 90.

Ili kurahisisha kazi hii, baadhi ya wabunifu hutengeneza familia pana zenye fonti za serifi na zisizo na serifi juu ya mifupa ileile. Mifano ni Lucida ya Charles Bigelow na Kris Holmes, ya miaka ya 1980, pamoja na Source Sans (2012) na Source Serif (2014) za kampuni ya Adobe.

## Mfano

Tuseme kinaandaliwa kitabu cha historia cha shule ya sekondari. Kina aya ndefu, vichwa vya sura, majedwali ya miaka na maelezo ya picha.

Aya zinaweza kuchapwa kwa Source Serif ya pointi 11, kwa kuwa ina italiki ya majina ya vitabu na uzito wa kutosha hata kwenye karatasi ya bei nafuu. Majedwali yanahitaji tarakimu zenye upana sawa ili miaka ipangike wima, na herufi zinazosomeka zikiwa ndogo. Source Sans ya pointi 9 inafaa. Fonti hiyohiyo, ikiwa nzito na kubwa zaidi, inaweza kutumika kwenye vichwa. Maelezo ya picha yanatumia Source Sans pia, ili mwanafunzi ayatofautishe na aya bila kufikiri.

Kwa njia hiyo fonti mbili zinatosha kazi nne. Kabla ya uamuzi wa mwisho, kurasa chache huchapwa kwa maandishi halisi ya kitabu, kwenye karatasi itakayotumika, na kusomwa kwa umbali wa kawaida. Kuangalia kwenye skrini tu hakutoshi.

## Herufi za Kilatini pamoja na za Kiarabu

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kilatini kuenea, na matoleo ya tenzi za kale wakati mwingine huonyesha maandishi yote mawili kwa pamoja. Hapa uoanishaji una masuala yake.

Herufi za Kiarabu hazina mgawanyo wa kubwa na ndogo, wala hazina desturi ya italiki, hivyo mkazo huonyeshwa kwa njia nyingine kama uzito au mstari. Zikiwekwa kwa pointi sawa na za Kilatini mara nyingi huonekana ndogo, na huhitaji kuongezwa ukubwa pamoja na nafasi kati ya mistari, hasa zikiwa na irabu juu na chini. Mtindo wa naskhi hufaa maandishi marefu, ilhali thuluthi na kufi hutumika zaidi kwenye vichwa na mapambo. Fonti inapaswa pia kuwa na herufi za ziada ambazo baadhi ya waandishi wa Kiswahili hutumia, kama پ kwa sauti ya p na چ kwa sauti ya ch. Amiri na Scheherazade New ni fonti huria za naskhi.

## Makosa ya kawaida

* Kuandika maneno ya fonti ya mwandiko wa mkono kwa herufi kubwa tupu, kama inavyotokea katika kadi za harusi. Jina la bibi harusi huwa gumu kusomeka.
* Kuvuta herufi kwa upana au urefu ili zijaze nafasi, badala ya kutumia fonti pana au iliyobanwa.
* Kukoleza maneno mengi mno. Kila kitu kikiwa kizito, hakuna kinachoonekana.
* Kutumia fonti ya mapambo kwa aya nzima.
* Kuchagua fonti kwa kutazama jina lake au sentensi ya Kiingereza, bila kuijaribu kwa Kiswahili.

## Mitazamo tofauti

Mwaka 1930 mwandishi Beatrice Warde alitoa hotuba mjini London akilinganisha taipografia bora na glasi angavu ya divai: kinachopaswa kuonekana ni kilichomo ndani, si glasi yenyewe. Wazo hilo bado lina wafuasi wengi katika uchapaji wa vitabu.

Wengine hulipinga. Mmarekani David Carson, msanifu wa jarida la muziki *Ray Gun*, alivunja kwa makusudi karibu kila kanuni. Mwaka 1994, alipoona mahojiano na mwanamuziki Bryan Ferry hayana ladha, aliyachapa kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama tupu isiyoweza kusomeka kama maandishi. Wasomaji wa jarida hilo waliona ndani yake msisimko wa muziki wenyewe. Maelekezo ya dawa au karatasi ya kura hayawezi kufanyiwa hivyo, kwa sababu anayeshindwa kuyasoma ndiye anayepata madhara.

## Tazama pia

* Alfabeti ya Kilatini
* Johannes Gutenberg
* Mwandiko
* Uchapaji